Waliopona Hawakurudi

Wasikilizaji wapendwa, kama mnapika, kama mnapiga pasi, kama mmekaa tu na redio ndiyo mwenzenu wa chumbani, karibuni. Leo tunakaa na mtu mmoja ambaye hatunaye tena. Amefariki wiki hii, baada ya kuugua mapafu. Alikuwa daktari wa meno ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuokoa meno ya maziwa. Narudia, maana si jambo la kusikika kila siku: aliokoa meno ya maziwa, yale yale ambayo mwisho wake hung'oka yenyewe.

Kama unacheka, hucheki peke yako. Watu walimcheka karibu maisha yake yote ya kazi.

Wenzake kwenye kliniki walimpa jina la utani, Daktari Rudi. Kila mtoto aliyeshuka kwenye kiti chake aliambiwa neno hilo. Rudi. Rudi unione, hata kama huumwi. Karani wa mapokezi alikuwa akiwatania wazazi mlangoni kwamba huyu ndiye daktari pekee anayealika watu kama mwenye harusi. Wazazi walicheka, wakaitikia, wakaondoka. Hawakurudi. Nani humrudia daktari wa meno akiwa haumwi?

Turudi nyuma kidogo, tumwone akiwa msichana.

Ndugu wa damu aliyebaki ni mmoja tu, mdogo wake wa kiume, fundi bomba mstaafu. Tulimkuta jikoni kwake, anafunga na kufungua mfereji ambao haukuwa na tatizo lolote. Anasema yeye mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka mitano magego yake ya maziwa yalioza. Yalimuuma mpaka akawa anatembea huku ameegemeza shavu ukutani. Baba yao akampeleka kutibiwa. Enzi hizo tiba ilikuwa moja. Asubuhi moja tu, magego yote mabovu yakang'olewa.

Shuleni wakamwita Kibogoyo. Akajifunza kucheka huku kiganja kimeziba mdomo. Na meno ya ukubwani yalipokuja, yalikuja kwa kusukumana. "Yalitoka kama watu wanaogombea mlango," anasema, akafungua mdomo tuone. Ni kweli. Moja limepanda juu ya mwenzake, jingine limegeuka ubavu.

Dada yake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka michache. Wenzao wakicheza, yeye aliketi na mdogo wake kwenye ngazi za nyuma ya nyumba.

"Alikuwa ananiambia, wewe nichekee mimi. Hapa tuko wawili tu," fundi bomba anasema. "Nadhani pale ndipo alipoanza udaktari. Mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza, na ndiye aliyechelewa kumtibu."

Akasoma. Akafaulu. Akapangiwa kliniki kubwa ya mji, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, kilichokuwa stoo ya mashuka. Dirisha lake lilitazama ukuta. Kiti chake kilikuwa cha watu wazima, kwa hiyo alishona mto mnene wa kumwinua mtoto. Na taa ya kiti hicho ilikuwa imelegea shingo. Haikusimama bila kushikwa. Ndiyo maana muuguzi aliyemsaidia, mwanamume mrefu mwenye subira ya mlima, aliitwa Mshikataa. Mshikataa yuko hai, na mengi ya leo tumeyapata kwake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuielewe kazi yenyewe. Ni rahisi kuielewa.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye damu na uhai. Jino likitoboka mpaka kufika pale, mtoto hulia. Njia ya zamani ni kung'oa. Lakini gego la maziwa linashika nafasi ya jino litakalokuja. Ukiling'oa kabla ya wakati wake, majirani zake huliegemea pengo, na jino jipya likifika hukuta pamebanwa. Daktari Rudi alifanya vingine. Aliganzisha ufizi, akafungua jino, akatoa sehemu ya juu ya kiini, ile iliyougua. Ile iliyo hai ndani ya mizizi akaiacha. Akaweka dawa, akaziba. Mtoto akaenda nyumbani na jino lake, lingoje zamu yake ya kung'oka.

Aliacha sehemu iliyo hai. Hilo ndilo la kukumbuka. Akatumaini itabaki hai.

Mganga mkuu wa kliniki hakuipenda tiba hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa foleni, anaiona korido imejaa toka asubuhi. Kung'oa kunachukua dakika chache, na huyu anakaa na jino moja mpaka chai ipoe. Siku moja akamwambia mbele ya watu, kwa utani wenye mfupa ndani, "Daktari, jino la maziwa ni mgeni. Mgeni hajengewi nyumba."

Daktari Rudi akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye mdomo wa mtoto. "Hajengewi nyumba, mkuu. Lakini halazwi nje."

Korido nzima ikacheka. Mganga mkuu naye akacheka. Akamwacha aendelee.

Jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili, juu ya duka la rangi. Hakuolewa. Kulikuwa na mchumba zamani, akahamia mbali, barua zikapungua zikaisha. Mdogo wake alikuwa na familia na kazi za kuitwa huku na huku. Kwa hiyo alikula peke yake, sahani moja, kikombe kimoja, na redio. Mpwa wake, binti wa fundi bomba, anasema shangazi yake alikuwa akiwajibu watangazaji. Mtangazaji akisema habari za jioni, yeye anasema njema. Ukimkuta, anaona haya, anapunguza sauti.

Miaka ikapita hivyo. Kisha yakaanza maumivu.

Alikuja mtoto aliyetibiwa, ufizi umevimba. Akaja mwingine ana jipu juu ya jino lile lile lililozibwa. Na mwingine. Ikawa kila anayerudi anarudi amevimba. Aliwaalika wote warudi, na sasa waliorudi walikuwa wanalia.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, mwenye binti wa miaka sita. Shavu la binti lilikuwa limejaa mpaka jicho limekuwa dogo. Mama hakupiga kelele. Mshikataa anasema ingekuwa afadhali angepiga. Alimkalisha mtoto kitini, akamtazama daktari, akasema taratibu, "Uliniambia umeliokoa. Umeokoa nini?"

Daktari Rudi aliling'oa jino lile mwenyewe. Akamwosha mtoto uso, akampa mama maelekezo ya dawa, akawasindikiza mpaka mlangoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hakusema rudi. Kisha akaingia kwenye kichumba cha kuchemshia vyombo, akafunga mlango. Mshikataa alisimama nje akiwaambia watu daktari anatafuta kitu.

Mganga mkuu akamwita. Akamwambia atazame wanaorudi. Akamwambia kwamba huruma ni nzuri, lakini uvimbe hauangalii huruma, na mtoto anaweza kufa kwa jipu la jino. Mwezi ujao kungekuwa na kikao cha madaktari wote. Kama hana la kuonyesha, tiba ile ingesimamishwa, na chumba cha mwisho kingekuwa cha kung'olea tu.

Jambo la kusikitisha, wasikilizaji wapendwa, ni kwamba alianza kumwamini. Kikao hakikumtisha. Kilichomtisha ni watoto. Je, mikono yake ilikuwa inawaumiza watoto aliodhani anawaokoa? Hakuwa na wa kumuuliza. Mjini pale hapakuwa na mwingine anayefanya kazi ile. Mdogo wake anasema alimpigia simu Jumapili moja, akamuuliza, "Ungekuwa wewe, ungependa yang'olewe au yajaribiwe?" Fundi bomba akamjibu kwa mzaha kwamba yeye alishapita, aulizwe mwingine. Hakujua dada yake anauliza nini. Mzaha huo unamsumbua mpaka leo.

Wiki ile alianza kung'oa. Alimwambia Mshikataa aandae koleo, basi.

Kisha likatokea jambo dogo kabisa. Alikuwa kwenye foleni ya mkate. Mbele yake palikuwa na mama na mtoto wa kiume, na mtoto alipomwona akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Watoto wote mjini walimkimbia, alikuwa amezoea. Lakini mtoto huyu, daktari alimkumbuka. Alikuwa amemtibu gego la chini, upande wa kushoto, miaka mitatu hivi nyuma. Akachuchumaa pale pale kwenye foleni, akamwomba afungue mdomo. Mtoto akafungua, akiwa tayari kulia. Jino lilikuwepo. Zima. Ufizi wake wa waridi kama wa jirani zake.

Akamuuliza mama kwa nini hakumrudisha.

Mama alimshangaa. "Lakini daktari, halikumuuma tena. Tungerudi kufanya nini?"

Watu walimpita kwenye foleni. Alikuwa bado amechuchumaa. Alikuwa ameona kosa lake, na lilikuwa kosa la wazi mno mpaka likamtia aibu. Miaka yote alikuwa anaihukumu kazi yake kwa watu waliorudi. Na waliorudi ni walioumia. Aliyepona hana sababu ya kurudi. Yuko nyumbani anatafuna.

Lakini alikuwa mtu mwaminifu, na njia nzima akajiambia jambo la pili. Wengine huenda hawakurudi kwa sababu walikwenda kung'olewa kwingine. Kimya si ushahidi. Ilibidi awafuate.

Akawafuata. Kila Jumamosi na kila Jumapili mpaka siku ya kikao, na jioni nyingine akitoka kazini, alitembea nyumba kwa nyumba, na kioo chake kidogo cha mdomoni na tochi. Mshikataa alikwenda naye, kwa sababu, anasema, tochi nayo ni taa.

Mambo waliyoyakuta. Watoto walijificha chini ya vitanda. Mmoja alipanda juu ya kabati, akakataa kushuka mpaka aone mikono yote minne iko mitupu. Wazazi walidhani wameleta habari mbaya, wakawa wanauliza nani amekufa. Babu mmoja aliposikia ni daktari wa meno alitoa meno yake ya bandia, akaomba yakazwe, na hawakuruhusiwa kumwona mjukuu mpaka yamekazwa. Familia nyingine zilikuwa zimehama. Waligonga, akafungua mgeni asiyejua waliokaa pale.

Na nyumba baada ya nyumba, akainua tochi, akatazama. Jino zima. Jino zima. Hapa limeshang'oka lenyewe, na jino la ukubwani limesimama wima mahali pake. Mshikataa anasema kwenye nyumba ile daktari alikaa ameshika kidevu cha mtoto mpaka mtoto akauliza kama kuna ubaya. Akamwambia hapana mwanangu, hakuna ubaya, ngoja kidogo tu.

Lakini si nyumba zote. Walimkuta kijana ambaye gego lake lilioza tena ndani kwa ndani, likang'olewa kwenye kliniki nyingine. Jino jipya lililotoka chini yake lilikuwa na doa la kahawia, limelika kama ukingo wa kikombe kilichogongwa. Mama wa kijana alidhani ni sukari. Angeweza kumwacha adhani hivyo. Daktari Rudi akavua miwani. Akasema, "Hapana, mama. Usaha wa jino nililoliacha mimi ndio uliolifikia hili likiwa bado changa. Hilo doa nimeliweka mimi."

Mama alimtazama. Kisha akamwambia akae, asisimame mlangoni kama mgeni. Alikaa. Kijana mwenye doa ndiye aliyemletea maji.

Kwa kuwafuata wote, walioumia na waliopona, ndipo alipoona alichokuwa hakioni. Meno mengi yalikuwa yamedumu. Yaliyoharibika yalikuwa na mambo mawili. Mengine yalikuwa yameshachelewa tangu siku ya kwanza, ugonjwa umefika mizizini, na yeye kwa huruma akajaribu tu. Mengine yalizibwa bila kufunikwa. Kulikuwa na vikofia vya chuma vya kufunika jino zima baada ya tiba. Wazazi wengi hawakuvipenda, walisema mtoto anang'aa mdomoni kama kijiko, na yeye aliwakubalia. Bila kofia, kizibo kilipata ufa, mate yakapenya, kiini kikafa.

Kwenye kikao alisema hayo yote. Alianza na yaliyoharibika. Mganga mkuu alisikiliza huku ameshika tama. Alipomaliza, hakumsifu. Alimuuliza kama kuanzia sasa ataweza kumwambia mzazi kwamba jino hili limechelewa, ling'olewe. Akasema ataweza. Akamuuliza kama ataweza kukataa kuziba bila kofia. Akasema hilo ndilo gumu zaidi, lakini ataweza.

"Basi wagawie watoto kofia," mganga mkuu akasema. "Na kiti chako kitafutiwe taa inayojitegemea, huyu bwana apumzishe mkono."

Tiba haikusimamishwa. Inafanyika mpaka leo katika chumba kile, kwa mikono ya wengine aliowafundisha.

Wasikilizaji wapendwa, ningeweza kuishia hapo. Lakini mpwa wake alituomba tuseme na yaliyofuata, kwa kuwa ndiyo sehemu ndefu zaidi ya maisha ya shangazi yake.

Alistaafu. Akabaki na vyumba viwili, sahani moja, redio. Na akabaki na swali. Mtoto uliyemtibu akiwa na miaka minne, mwisho wake unauona lini? Jino hung'oka. Jingine huota. Mtoto huwa mtu mzima, anahama, anabadili namba ya simu. Daktari Rudi aliwapigia watu wake. Namba haipatikani. Namba ni ya mtu mwingine. Aliyepatikana alikuwa na haraka, akasema yuko salama, akakata.

Kwenye harusi alikaa nyuma, akitazama maharusi wakicheka. Mpwa wake alikuwa akimkanya, "Shangazi, acha kukodolea watu midomo." Naye alinong'ona kwamba yule bibi harusi huenda ni wake. Hakuwahi kwenda kuuliza. Utamuuliza nini mtu kwenye harusi yake?

Aliugua. Alilazwa. Mdogo wake alikuja kila siku, mpwa wake naye alikuja. Saa nyingine zote alikuwa mwenyewe na dirisha. Kulikuwa na mhudumu wa wodi, mwanamke kijana anayepita na chai. Alikuwa na tabia ya kucheka akiingia, kuwachangamsha wagonjwa. Siku moja Daktari Rudi alimwomba ainame, afungue mdomo. Mpwa aliona aibu. Mhudumu akacheka, akainama, akafungua. Meno yake yalikuwa yamepangika kama punje za muhindi.

Akamuuliza kama alipokuwa mdogo aliwahi kutibiwa gego, pale kliniki, chumba cha mwisho kwenye korido.

Mhudumu akafikiri. Akasema, "Sijui, bibi. Sikumbuki kabisa. Na mama alishafariki, hakuna wa kumuuliza."

Mpwa wake alidhani shangazi atavunjika moyo. Badala yake alimpapasa mhudumu shavuni. "Vizuri sana," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyotaka."

Baada ya siku chache alifariki, mchana, mdogo wake akiwa ameshika mkono wake.

Waliokwenda kumzika hawakuwa wengi. Fundi bomba na familia yake. Mshikataa, amesimama wima. Mganga mkuu, mzee sana sasa, kwenye kiti cha magurudumu. Mwenye duka la rangi. Watoto wake wote, wale waliotafuna na kucheka na kukua, hawakuwepo. Hawakujua. Mtu atajuaje kwamba amefiwa na daktari asiyemkumbuka?

Kisha akaja mwanamke mmoja, amevaa sare ya kazi, amechelewa. Ni yule mhudumu wa chai. Mpwa alimfuata, akamshukuru, akamuuliza kama amekumbuka chochote.

Akasema hapana. "Sijui kama nilikuwa wake. Nimekuja kwa sababu huenda nilikuwa."

Alisimama karibu na fundi bomba mpaka mwisho. Fundi bomba anasema alimchekea yule binti, kwa meno yake yote yaliyogombea mlango, na hakuziba mdomo.

Kwa mdogo wake, kwa mpwa wake na familia yote, kwa Mshikataa aliyeshika taa miaka yote ile, redio hii inasema poleni sana. Mungu ampumzishe.

Nasi, wasikilizaji wapendwa, tujitazame kidogo. Anayeumia hupiga kelele, na ni haki yake. Sisi tuliopona ni watu wa kimya mno. Kuna mkunga, kuna mwalimu, kuna daktari wa chumba cha mwisho, ambaye jioni hii anakula peke yake na hajui kama alichokifanya kwako kilidumu. Wewe unajua. Kama yuko hai, nenda ukamwambie. Na kama huna hakika kuwa ni yeye, nenda vilevile.